Uzi: Tuna ya kopo na kachumbari, chakula cha mchana bila ngano cha dakika kumi (kwa wenye seliaki na wengine)

#1 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalileta kwa sababu naamini humu wapo wenzangu wanaohangaika nalo kimyakimya.

Nina ugonjwa wa seliaki. Kwa asiyeujua: ukila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wako inageuka na kuushambulia utumbo wako mwembamba. Chanzo ni protini iliyomo kwenye nafaka hizo, inaitwa gluteni. Miaka sita nilitibiwa upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma vikinipandisha, baada ya miezi nashuka tena. Tumbo likijaa gesi naambiwa ni vidonda, nipunguze maharage. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu chapati mbili nilizokuwa nakula kila asubuhi. Siku nilipopimwa na majibu yakatoka, nikaambiwa chapati, maandazi, mkate, tambi na sambusa ndiyo basi, mpaka kaburini.

Nafanya kazi Posta, Dar. Mapumziko ni dakika 45. Nilidhani nitaponea kwa mama lishe kwa kuagiza wali, lakini mwiko unaopakua wali ndio ulioshika tambi. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoa sambusa. Mchuzi umetiwa unga kidogo "ili ushike". Mama lishe hana kosa, ndivyo jiko lake linavyokwenda. Ila mimi kijiko kimoja tu kinanilaza siku mbili.

Sasa mwaka wa pili nabeba chakula changu, na siku tatu za wiki ni hiki:

Usiku nachemsha yai moja na kipande cha muhogo au kiazi kitamu. Asubuhi nakata kitunguu maji chembamba, nakifikicha na chumvi, nakisuuza mara mbili, nakikamua. Nakata tango, hoho na karoti. Nyanya nachagua ngumu, natoa mbegu, la sivyo mpaka mchana unakuta supu. Giligilani nyingi, msionee huruma. Vyote naviweka kwenye kontena moja, bila chumvi na bila ndimu. Ndimu inakwenda nzima, parachichi linakwenda zima, na kopo la tuna linakwenda LIKIWA LIMEFUNGWA.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo ilipo siri yote. Kopo lisilofunguliwa halihitaji friji. Ukipanda daladala saa 12 asubuhi kutoka Mbagala na samaki aliyekwisha changanywa na yai na mayonezi, mpaka saa 7 mchana kwenye joto hili la Dar hicho si chakula tena. Mimi nafungua kopo mezani, nachuja maji, namwaga tuna juu ya kachumbari, naponda nusu parachichi kwa uma, nakamulia ndimu, natia chumvi na pilipili manga. Yai nalimenya hapohapo. Dakika tano. Parachichi ndilo linashika kila kitu pamoja, kazi ambayo wengine wanampa mayonezi.

Muhogo unakaa pembeni badala ya mkate. Nashiba mpaka jioni.

Karibuni kwa maswali, na mwenye njia yake aiweke hapa.

#2 Kijana_wa_Tandika

Naweka kambi. Mama yangu mdogo ana dalili hizihizi za damu kushuka kila mara. Nitamtumia uzi huu.

#3 Msemakweli_Moro

Mleta uzi pole sana. Lakini naomba niulize kwa nia njema: haya mambo ya gluteni si ya Wazungu? Babu zetu wamekula chapati maisha yao yote na hatukusikia mtu kaugua. Nahisi mengine ni biashara ya kuuza vyakula vya bei.

#4 Muuguzi_Mstaafu

Msemakweli, mwanangu, umeuliza vizuri, acha nikujibu kwa utulivu.

Kwanza, babu zetu hawakula chapati maisha yao yote. Walikula ugali wa mtama, uwele, mihogo, ndizi, magimbi. Chapati ilikuwa ya sikukuu. Ngano ya kila siku, asubuhi mkate na jioni chapati, ni mazoea ya mjini ya juzijuzi.

Pili, seliaki si ya Wazungu peke yao. Kwa dunia nzima inakadiriwa kumpata karibu mtu mmoja kati ya 100. Watu ambao waliwahi kupimwa na kuonekana na kiwango kikubwa sana ni Wasaharawi, Waafrika wa kule Sahara Magharibi. Sisi huku wengi hatupimwi, na ugonjwa usiopimwa hauonekani. Si kila mara unakuja na kuharisha. Unaweza kuja kama upungufu wa damu usiopona, mtoto asiyekua, vipele vyenye kuwasha kwenye viwiko na magoti, mama anayeharibikiwa mimba mara kwa mara.

Sasa neno langu kubwa, na namwomba kila atakayesoma hapa alishike: USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaandikwa tTG-IgA. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza ukajigeuka wenyewe kwa sababu ya gluteni. Ukiacha ngano miezi miwili halafu ukaenda kupima, askari wameshapungua, unaweza kuambiwa huna kitu, na ugonjwa unao. Anayetaka kupima anatakiwa awe anakula ngano kila siku, tena zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki zisizopungua 6. Damu ikionesha, mara nyingi daktari ataingiza kamera na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo.

Na ukigundulika, waambie ndugu zako wa tumbo moja, wazazi na watoto wako. Kwao uwezekano ni kama mmoja kati ya 10.

#5 Msemakweli_Moro

Shikamoo mama. Nimekuelewa, na neno langu la biashara nalirudisha. Dada yangu ana vipele vya kwenye viwiko miaka mingi, wamempaka kila dawa. Nitazungumza naye leo.

#6 Muuguzi_Mstaafu

Marahaba. Asiache chapati mpaka apimwe.

#7 Mama_Wawili

Bi Kitoweo asante kwa moyo wako. Mimi mwanangu wa miaka tisa ndiye anayo. Tuna bila mayonezi hataki kuiona. Je, mayonezi ina ngano?

#8 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Mama Wawili, mayonezi yenyewe ni mafuta, yai, siki au ndimu na chumvi. Ngano haimo. Angalia vitu viwili kwenye lebo. Siki: kuna siki inayotengenezwa kwa shayiri, ile ya rangi ya kahawia, na baadhi ya mayonezi hutiwa hiyo. Siki nyeupe ya kawaida, ya miwa au ya matunda haina shida. Cha pili ni vile vya kufanya mchanganyiko uwe mzito: wanga wa mahindi sawa, wanga wa ngano weka chini.

Ila hatari ya mayonezi nyumbani haiko kwenye lebo. Iko kwenye kisu. Baba anapaka mkate, anarudisha kisu ndani ya chupa, na chembe za mkate zinabaki mle. Mtoto nunulia chupa yake, andika jina lake, wengine wasiiguse. Hivyohivyo siagi, jamu na asali.

Kama anakubali, mjaribu parachichi lililopondwa na kitunguu saumu kidogo, ndimu na mafuta ya alizeti. Saga mpaka lilainike kabisa. Wanangu wanaliita "mayonezi ya kijani" na wanaligombania.

#9 Baharia_wa_Kale

Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Mombasa.

Dadangu umesema vyema, lakini sisi wa pwani tuna yuko hai, anaitwa jodari, na wadogo zake sehewa. Msimu wa kaskazi bahari ikitulia, wavuvi huleta jodari kila siku, na kipande cha kilo mwaweza kukilia kachumbari nyumba nzima. Fanya hivi: kipande cha nyama isiyo na mifupa, chemsha kwa maji kidogo, chumvi, ndimu, tangawizi iliyopondwa na punje mbili tatu za pilipili manga. Dakika kumi kwa kipande cha unene wa vidole viwili. Muache apoe ndani ya maji yake, asikauke. Kisha mvunjevunje kwa mkono. Ukishamla huyu, kopo utalitazama kwa jicho jingine.

Lakini sikiza jambo ambalo limewalaza wengi hospitali. Jodari, sehewa, kolekole, vibua, hawa samaki wa damu nyingi, wakikaa juani bila barafu hufanya sumu ndani ya nyama, inaitwa histamini. Haina harufu. Haiuawi na moto, wala kukaangwa, wala kutiwa kopo. Unakula, baada ya muda mfupi uso unawaka, unakuwa mwekundu, kichwa kinapiga, moyo unakwenda mbio. Watu husema "nina aleji ya samaki", kumbe samaki alilala juani kwa saa tatu. Ukimla ukahisi ulimi unachoma kama pilipili na pilipili hukutia, mtupe. Mimi jodari ambaye hakuletwa na barafu simnunui hata nikipewa kwa nusu bei.

Nilipokuwa baharia tulikuwa tukitia nanga Malé, Maldivi. Asubuhi watu wote pale wala kitu kimoja, mas huni: jodari aliyevunjwavunjwa, nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili, ndimu, basi. Wao hula na chapati zao ambazo ni ngano, lakini mwenye ugonjwa huu aweza kula na muhogo. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu tuna haliwi bila nazi ya kukuna. Kama ni ya kubeba kazini msitie, nazi mbichi huchacha upesi. Hiyo ni ya kula nyumbani.

#10 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Waaleikum salaam mzee wetu. Nazi na tuna sijawahi. Jumamosi hii inafanyika.

#11 Bint_Unguja_Masqat

Nimefurahi kuona jina sehewa! Huku Omani jodari tunamwita jeydhar, na yule mdogo anaitwa sahwa. Bibi yangu alizaliwa Malindi ya Unguja, na huwa anatwambia majina haya yalivuka bahari pamoja na majahazi.

Mie si mgonjwa, mume wangu ndiye. Huku tuna ya kopo ni chakula cha kila nyumba, ila huliwa na mkate, na mkate wetu mwembamba wa rukhal ni ngano tupu. Nilimbadilishia akala na wali, hakuupenda na tuna. Mwishowe nikarudi kwa bibi, nikamuuliza nyinyi zamani mlikula nini. Akanambia mkate wa kumimina. Mchele unaloweka usiku, unasaga na tui zito la nazi, hamira na iliki, ukiumuka unamimina kwenye sufuria, moto chini na juu. Mie sukari natia kijiko kimoja tu, sio kama ule wa futari. Ukipoa nakata vipande, na hauvunjiki. Tuna juu yake na kotmiri na pilipili mbichi, mume wangu hataki kitu chengine.

Tahadhari: ukinunua mkate wa kumimina au vitumbua vya watu, uliza. Wapo wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili ushikane.

Na kitu kidogo kutoka huku: ndimu kavu. Ile nyeusi tunayotia kwenye wali. Pasua, toa mbegu, saga, nyunyiza robo kijiko kwenye tuna. Ile harufu ya kopo yote inaondoka.

#12 Mwanachuo_UD

Wakuu, mnapendeza, lakini mimi nipo chuo na kopo la tuna ni elfu tano. Mara tatu kwa wiki ni elfu kumi na tano. Boom (pesa ya mkopo wa chuo) haliruhusu. Nifanyeje na mimi nimegundulika mwezi uliopita?

#13 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Mdogo wangu pole, na usikate tamaa, tuko wote.

Kopo moja ni la siku mbili kama una friji. Ukifungua, hamishia tuna kwenye chombo chenye mfuniko, usiiache ndani ya kopo, na uimalize ndani ya siku tatu. Kama huna friji, gawaneni kopo wawili chumbani, kila mtu na kachumbari yake.

Halafu ongeza wingi kwa kunde au dengu. Jumapili chemsha nusu kilo. Nusu kopo la tuna na kikombe cha dengu kinashibisha kuliko kopo zima peke yake. Dengu zichambue kwenye sinia kwa macho mawili kabla ya kuziosha, kwa sababu punje za ngano hupenya humo kwenye magunia. Mimi nimeshaokota punje nne kwenye kilo moja. Zamani nisingejali, leo najua kila punje ina maana yake.

Na siku huna kabisa, dagaa wakavu. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga bila unga mpaka wakauke, changanya na kachumbari ileile na ndimu nyingi. Siyo tuna, lakini protini na kalsiamu unapata, na bei unaijua.

Kitu kingine kwa sababu wengi wetu tuna upungufu wa damu: ndimu na hoho zina vitamini C, na hiyo inausaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Chai inafanya kinyume. Mimi nilikuwa na mazoea ya kushushia na chai ya rangi, nimeisogeza mpaka saa 10 jioni.

#14 Mwanachuo_UD

Nimeandika yote kwenye daftari. Asante dada. Kula bila ngano nilidhani ni kuagiza mikate ya supamaketi ya elfu ishirini.

#15 Mpemba_Leicester

Naomba niongeze suala la lebo, maana tuna nyingi zinazouzwa huko zinatoka nje.

Hapa Uingereza, na kote Umoja wa Ulaya, sheria inalazimisha nafaka zenye gluteni ziandikwe kwa namna ya kujitokeza kwenye orodha ya viambato, kwa kawaida herufi nzito. Ukiona ngano, shayiri au rai imekolezwa wino, achana nayo. Marekani mambo ni tofauti kidogo: ngano lazima itajwe, lakini shayiri na rai sheria ile haikuzilazimisha. Kwa hiyo kopo la Marekani lisilotaja ngano halimaanishi liko salama mpaka usome viambato vyote. Lile lililoandikwa wazi kuwa halina gluteni, kote huko kiwango ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Tuna iliyo kwenye maji, maji ya chumvi au mafuta, yenye samaki, maji au mafuta na chumvi tu, haina tatizo. Zenye shida ni zile zilizokwisha kutiwa sosi au zenye "supu ya mboga" ndani, na zile saladi za kopo zenye tambi. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, hivyo tuna yenye ladha ya Kichina iwekeni rafuni ilikotoka.

Na mvuje! Watu wa pwani tunautumia kwenye bajia na achari. Mvuje wa unga unaouzwa kwenye vichupa mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Mie niliumwa mwezi mzima na bajia za dengu, nikidhani dengu ndizo zinazonidhuru.

#16 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Mvuje sikuujua kabisa. Nina kichupa jikoni sasa hivi. Nimekwenda kusoma lebo: unga wa ngano ni kiambato cha pili. Nimekitoa. Mungu akubariki kaka.

#17 Mjamzito_Arusha

Samahani wapendwa, mimi sina seliaki ila nimependa chakula hiki. Nina mimba ya miezi minne. Nimeambiwa tuna ina zebaki. Niache?

#18 Muuguzi_Mstaafu

Hongera mwanangu. Huna haja ya kuacha, ila chagua na upime.

Zebaki imo baharini, na samaki mkubwa anayekula samaki wengine na kuishi miaka mingi anaikusanya zaidi. Kwa hiyo tuna mdogo ana kidogo, tuna mkubwa ana nyingi. Geuza kopo usome jina la kitaalamu, mara nyingi limeandikwa. Ukiona Katsuwonus pelamis, huyo ni mdogo, ndiye bora kwako. Thunnus alalunga na Thunnus albacares wana zaidi. Ushauri wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kwa wajawazito ni samaki wa kundi lenye zebaki kidogo mara mbili hadi tatu kwa wiki, kila mara kama gramu 113, yaani karibu kopo moja dogo likishachujwa. Wa kundi la pili, kama hao Thunnus wawili, mara moja tu kwa wiki, na wiki hiyo usiongeze samaki mwingine.

Siku zingine kula dagaa. Na yai lako lichemke mpaka kiini kigande.

#19 Mjamzito_Arusha

Asante sana mama. Nimelala vibaya siku mbili kwa ajili ya jambo hili.

#20 Mswahili_Utrecht

Wakati mnazungumza ya babu zetu, niwape kisa cha huku Uholanzi ninakoishi, kwa sababu ugonjwa huu ulifumbuliwa siri yake hapa.

Palikuwa na daktari wa watoto mjini The Hague, Willem Karel Dicke. Wakati ule watoto wenye seliaki walidhoofika na wengi walikufa, na hakuna aliyejua chakula gani kinawaua. Wengine waliwalisha ndizi nyingi, na watoto walipata nafuu bila kueleweka ni kwa nini. Dicke alikuwa ameshaanza kuishuku ngano miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya kipupwe cha 1944 na 1945, wakati wa vita. Mkate ulitoweka, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watu walikonda, lakini watoto wale wa seliaki hali zao ziliimarika. Mkate uliporudi, wakaanza tena kuumwa. Aliandika utafiti wake na kuuwasilisha Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950.

Napita mbele ya chuo kile mara nyingi. Kila nikipita namkumbuka binti yangu, ambaye yuko hai na ana miaka 14 kwa sababu ya mtu yule kuwasikiliza mama wa wale watoto.

#21 Mama_Wawili

Mswahili Utrecht, nimelia. Mwanangu alikuwa na kilo 17 akiwa na miaka saba. Leo ana kilo 27.

Nimerudi pia kutoa taarifa: mayonezi ya kijani imekubaliwa. Juzi kaibeba shuleni na kiazi kitamu, kopo na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko. Nilimwelekeza kuvuta kile kipete cha kopo taratibu, mbali na vidole, na kumimina maji yake kwenye beseni la kunawia. Mwalimu wake ameomba nimwandikie kwenye karatasi vitu asivyoweza kula ili siku ya sherehe ya darasa asiachwe nyuma. Nitaandika pia vile anavyoweza, maana orodha ya makatazo peke yake inamfanya mtoto aonekane mzigo.

#22 Fundi_Seremala_Tanga

Bi Kitoweo, swali la mwisho kutoka kwangu. Mke wangu amegundulika. Ngano tumeacha nyumba nzima, tunakula ugali wa dona na uji wa ulezi. Lakini bado anaumwa. Tuna anakula kama ulivyoeleza, kwenye chakula hicho hapati shida. Shida anapata jioni. Tunakosea wapi?

#23 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Kaka, mnasaga wapi?

#24 Fundi_Seremala_Tanga

Mashineni hapa mtaani.

#25 Bi_Kitoweo (mleta uzi)

Ndipo hapo. Mimi pia ilinichukua miezi minane kugundua. Mashine ya kusagisha inasaga mahindi yako baada ya kusaga ngano ya mwenzako, na vumbi la ngano linabaki kwenye kinu na kwenye ule mfuko wa kitambaa. Unga wa lishe ndio mbaya zaidi, kwa sababu watu huchanganya mahindi, ulezi, soya na ngano pamoja na mashine haisafishwi kati ya mtu na mtu. Mahindi yenu hayana kosa.

Mna njia tatu. Ya kwanza, zungumzeni na mwenye mashine, mwe wa kwanza asubuhi baada ya kuisafisha, na kilo mbili za mwanzo mmpe mwenye kuku. Hiyo inapunguza, haimalizi, kwa hiyo kama mkeo ni mwepesi wa kuumwa kama mimi haitoshi. Ya pili, nunueni unga wa mahindi wa kiwanda ambacho kinaandika kwenye mfuko kuwa hakisagi ngano. Ya tatu ndiyo ninayoifanya mimi: makopa. Muhogo mkavu nanunua vipande, nauosha, naukausha tena juani juu ya kitambaa safi, natwanga kwenye kinu changu cha mbao ambacho hakijawahi kuguswa na nafaka nyingine, nachekecha. Ulezi nasaga kwa blenda kidogokidogo, ule wa uji tu.

Hakikisha muhogo ni mtamu au umevundikwa na kukaushwa vizuri. Muhogo mchungu una sumu.

Na wewe ni seremala, naomba nikuombe hili: mtengenezee mkeo kinu chake na mwiko wake, mwiko mpya. Miko ya zamani ya mbao iliyogusa unga wa ngano na tambi ina nyufa, na kilichoingia kwenye nyufa hakioshwi kikatoka.

#26 Fundi_Seremala_Tanga

Kipande cha mninga ninacho hapa karakana. Mwiko unaanza leo usiku.

#27 Baharia_wa_Kale

Fundi, ukimaliza wake, uza na mwingine. Binti yangu yuaolewa mwezi ujao, na mkwe wangu ndiye mwenye ugonjwa huu. Jodari wa karamu nimeshamwagiza, na barafu nimelipia.

#28 Fundi_Seremala_Tanga

Mzee, huo siuzi. Nitautuma kwa basi la Mombasa, utumie jina la kituo faraghani.